Lenzi Iliyotazama Ukuta

Picha waliyoiweka mbele ya jeneza la Cikuru niliipiga mimi. Hakuna aliyejua, nami sikumwambia mtu, maana matanga si mahali pa mtu kudai kazi ya mikono yake, ingawa nakiri nilitafuta njia ya kulisema hilo kwa unyenyekevu na sikuipata. Mganga hajigangi, na mpiga picha hajipigi: mtu aliyepiga nusu ya harusi za Goma, watoto wake walipomtafutia picha ya kuweka kwenye fremu, waliipata hiyo moja tu ya ujana. Amesimama karibu na dirisha la mbao, sahani ya maharagwe mkononi, mwembamba kama msumari, anacheka na mtu aliye nyuma yangu. Nuru inamwangukia upande mmoja wa uso, upande mwingine umebaki gizani. Nilipoiona, baada ya miaka yote hiyo, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Niliwaza: kumbe ile plasta niliyofungiwa kwenye lenzi ilinifundisha kitu. La pili ndilo lilikuwa hasira, na ilikuja ikiwa nzima, haijachakaa hata ukingoni, kama nguo ya harusi iliyovaliwa mara moja ikafungiwa sandukuni.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mdogo wangu Kavira, aliyekuwa ameshuka asubuhi kutoka Rutshuru, ambako yeye na mumewe wananunua na kuuza maharagwe tangu walipooana. Mimi na Kavira tumeishi vizuri tangu harusi yake, vizuri kwa namna ya watu wawili wa ofisi moja: tunasalimiana, tunaulizana hali ya watoto, kila mtu anarudi mezani kwake. Kabla ya harusi tulikuwa kitu kingine. Nilishangaa kwamba alisafiri kuja kumlilia Cikuru, na nadhani yeye alishangaa zaidi kuniona mimi. Msimamizi wa matanga, shemeji ya marehemu, alikuja akainama sikioni mwangu. “Papa Kambale, weye njo utasema kwa jina ya barafiki. Weye ni mutu ya maneno.” Nilikubali. Ukiandika insha kwa muda mrefu watu hukuona kama bomba la uwanjani: wanadhani likifunguliwa tu maji yatatoka. Na kweli nilikuwa na hotuba tayari kichwani, nzuri, yenye uongo wa kiasi kile ambacho matanga huruhusu.

Mwaka ninaoukumbuka, nilikuwa nasomea falsafa, mwaka wa mwisho, na nilikuwa napiga picha, mwaka wa kwanza. Cikuru aliyapenda sana mambo hayo mawili kukutana ndani ya mtu mmoja. Aliniita Filozofe mbele ya wateja, na wateja walidhani ni jina la studio. Hata mimi nililipendelea, kwa sababu Kambale ni jina ambalo ukiliita kwa sauti katika soko la Butembo nusu ya wanaume wanageuka. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Katoyi, kwa Mama Furaha. Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na chumba chetu kilitengana na chake kwa ukuta mwembamba kiasi kwamba sisi tulijua anapokoroga uji, na yeye alijua tunaposoma na tunapojifanya tunasoma. Vitanda viwili, meza moja, kamba ya nguo iliyokatiza katikati, na dirisha lisilo na kioo. Cikuru, mtoto wa makarani wa upande wa Bukavu, alikunja mashati yake kama barua. Mimi nilitundika yangu kwenye kamba na kuyasahau. Jioni yeye alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mimi nilisonga fufu vibaya. “Filozofe, hii fufu iko na mabonge kama barabara ya Katoyi,” alisema, kisha akaila yote. Sijapata tena mtu wa kula naye hivyo, na ninaandika hili kwa shingo upande.

Tulikuwa na kamera, apareyi kwa lugha ya Goma, za kampuni moja, kuukuu zote mbili, na hilo tuliliona ni baraka, kwa kuwa lenzi ya mmoja iliingia kwenye kamera ya mwingine. Shida ni kwamba wote wawili tulikuwa na ile lenzi inayokuja pamoja na kamera ndani ya boksi, ile ambayo kila anayeanza huanza nayo na kila mjuzi huidharau. Jua likiwepo, ilifanya kazi. Ndani ya nyumba, ilisali. Kwa hiyo mwaka mzima tulizungumza juu ya lenzi, ambayo Goma tunaiita objektifu kwa Kifaransa chetu cha nyumbani, kama vijana wengine walivyozungumza juu ya wasichana: ipi, lini, na itakuaje ukichagua vibaya. Dukani kwa Papa Safari, mtaa wa Mabanga, zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa ndefu, nyeusi, nzito. Ilivuta uso wa mtu kutoka upande wa pili wa uwanja. Nyingine ilikuwa fupi na nene, na haikusogea mbele wala nyuma: ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamwendea kwa miguu yako. Lakini ilifungua jicho lake wazi sana, na katika sebule ambayo umeme umekatika, yaani sebule ya kawaida ya mji wetu, iliona pale ambapo ile ndefu iliona usiku mtupu.

Akili ilisema fupi. Mji ulisema ndefu. Mama wa bibi harusi wa siku zile hakuomba kuona picha zako. Alitazama urefu wa kitu kilichokuwa mbele ya uso wako, akakadiria heshima ya familia yake. Namjua mpiga picha aliyefunga kopo la maziwa ya unga, alilolipaka rangi nyeusi, kwenye ncha ya lenzi yake, akapata kazi msimu mzima. Tena siku ya mahari familia mbili hukaa zikitazamana, uwanja mtupu katikati, na familia nyingi hazikupenda mpiga picha wa upande mmoja avuke kabla wasemaji hawajaelewana. Mwenye lenzi fupi alibaki akipiga migongo ya wajomba wa kwao. Tulikuwa tukiyapima hayo kitandani, kila mmoja upande wake wa kamba ya nguo, ndipo ukuta ulipoingilia kati.

“Mununue ile murefu!” Mama Furaha alipaza sauti kutoka kwake. “Ile ingine nilikuona nayo ku Mabanga, Kambale, unaishika kama yai. Iko kama kifungo ya koti. Nani ataogopa kifungo?”

“Mama, mutu haogopeshwe na picha,” nilijibu.

“Anaogopeshwa, mutoto yangu. Bila woga hawalipe.”

Cikuru alicheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akaniambia neno ambalo nimelisikia tena, kwa midomo ya watu wenye hekima ya kweli, na kila mara nimelazimika kukubali kwamba lilikuwa neno zuri. “Filozofe, usinunue kitu bado. Objektifu si kiatu, ati mutu anaona, anavaa, anaenda. Ngoja kwanza ujue jicho yako inapenda nini.” Kesho yake alileta plasta ya hospitali, akaizungusha kwenye pete ya lenzi yangu ya boksi, akaifunga pale pale kwenye namba ya ile fupi, ile tuliyoiita cinquante, yaani hamsini, ili isiweze kuvuta wala kurudisha. “Ishi hivi. Kama utachoka, nunua murefu. Kama hautachoka, utajua.” Yeye mwenyewe hakufunga ya kwake. Nilimwuliza kwa nini. Alisema mwalimu hafanyi mtihani.

Niliishi hivyo. Wiki za kwanza nilikuwa kama mtu aliyefungwa mkono mmoja. Nilikanyaga vidole vya masista kanisani, niliwaegemea wakwe za watu, niliambiwa na bibi mmoja kwamba kama nataka kumbusu niseme tu. Halafu, taratibu, miguu ikaanza kujua. Nilijua kabla ya kuinua kamera nisimame wapi. Nilipiga mikono ya Mama Furaha ndani ya maharagwe aliyokuwa anachambua. Nilipiga Cikuru karibu na dirisha. Kila jioni yeye aliitazama kazi yangu kwenye kioo kidogo cha kamera, polepole, picha moja moja, na alikuwa na desturi ya kunyamaza kwenye zile nzuri. Niliuchukulia ukimya ule kuwa wa mwalimu anayeridhika. Siku hizi, nikimwona mtu ananyamaza hivyo mbele ya kitu changu, huweka mkono juu ya kitu hicho.

Basi nikamaliza kufikiri, tukio ambalo familia yangu husema limetokea mara chache. Nilitaka ile fupi. Tulikwenda Mabanga pamoja, na hapa lazima nieleze desturi ya Papa Safari, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibikia. Duka lake lilikuwa la upana wa kabati, na wateja wake wote walikuwa watu wa kungoja: wanangoja mavuno, wanangoja mshahara, wanangoja shangazi. Kwa hiyo hakudai arubuni wala hakuandika karatasi. Ukimpa neno lako kwamba kitu utakinunua, alikigeuza pale pale kwenye rafu, uso wake ukatazama ukuta. Kitu kilichotazama ukuta hakiuzwi, hata mteja aje na gunia la pesa. Kingerudi kutazama duka kwa njia moja tu: mwenye neno aje aseme nimeachilia, au amtume ndugu yake kusema. Nusu ya Mabanga ilinunua pasi, redio na vyerehani kwa njia hiyo, na sikuwahi kusikia ugomvi.

“Neno ni la nani?” aliuliza Papa Safari.

“Langu, papa. Kambale.”

“Na huyu?”

Nilimshika Cikuru begani. Hata leo naukumbuka mfupa wa bega lile. “Huyu ni ndugu yangu. Neno yake ni neno yangu.” Papa Safari aliigeuza ile fupi ikatazama ukuta. Cikuru alinyoosha kidole kwenye ile ndefu: “Na hii ni yangu, papa, nitalipa kisha ya mavuno.” Nayo ikageuzwa. Tulirudi Katoyi kwa miguu tukipanga ufalme: mimi na fupi, yeye na ndefu, na kwa sababu kamera ni za ukoo mmoja, tungebadilishana kadiri ya kazi. Hakuna mama wa bibi harusi ambaye angetushinda.

Na nilikuwa na mama mmoja hasa akilini, mama yangu, na bibi harusi mmoja, Kavira. Alikuwa amechumbiwa, siku ya mahari ilikuwa inakaribia, na sikuwa na hamu nyingine duniani ila kuipiga harusi ile. Sikumwambia. Nyumbani kwetu kazi za harusi hazidaiwi, zinaletwa: wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai, wanasema fulani tunakuomba ubebe hili. Anayejitokeza kabla ya kuombwa anaonekana anataka kula. Na mtu aliyeombwa akakataa haulizwi mara ya pili, maana kumuuliza tena ni kumlazimisha, na kazi ya kulazimishwa, wazee wetu wanasema, inaingia ndani ya ndoa na kukaa humo. Mimi niliyajua yote hayo na nilikuwa nayacheka darasani, nikinukuu watu wenye ndevu. Lakini ilipofika zamu yangu nilikaa kama mtoto mwema wa kwetu, nikangoja waje. Kavira alipopita chumbani kutusalimu, alikula sambaza zetu, akazitazama picha zangu za plasta, akaniita kama kwetu tunavyomwita kaka, “Yaya, unafanya mama wa watu wanakuwa wazuri.” Nilisubiri aongeze neno. Alitabasamu, akaangalia mlango, akaondoka. Nilijua kwamba watakuja rasmi.

Hawakuja. Siku moja mvua ilinirudisha nyumbani mapema kutoka chuoni, nikaingia nikiwa nimelowa, nikakaa kitandani kuvua viatu, na nikasikia ukuta unazungumza. Cikuru alikuwa upande wa Mama Furaha, anakunywa chai yake.

“Mama yao alituma mutu jana,” alikuwa anasema. “Mahari na harusi, yote miye.”

“Wee! Na Kambale?”

“Kambale atakaa ku kiti. Kaka ya bibi harusi anatafuta nini na apareyi?”

“Lakini yule mutoto anapiga muzuri, Cikuru. Mikono yangu alinipiga, nilitaka kulia.”

Kijiko kilizunguka kikombeni. “Anapiga muzuri,” alisema Cikuru, na sikumsikia kamwe akinisifu kwa sauti ya kweli namna ile. “Shida yake ni kufikiri. Mutu ya kufikiri, harusi itaisha angali anatafuta nafasi ya kusimama. Weye angalia: miaka kumi tutamukuta palepale, na plasta yake.”

Mama Furaha alicheka. Alicheka vizuri, bila ubaya, kama watu wanavyocheka neno la kweli, na nadhani kicheko kile kiliniuma kuliko maneno. Nilivaa tena viatu vilivyolowa nikatoka. Sikugonga mlango wa pili. Nilikwenda Mabanga, sijui kwa nini; nadhani nilitaka kuona kitu kimoja duniani kikiwa bado kinanitazamia mimi. Kwenye rafu ya Papa Safari lenzi ndefu ilikuwa imegeuka, inatazama duka, inauzwa. Mahali pa ile fupi palikuwa na pasi.

“Papa, kifungo changu kiko wapi?”

Mzee alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. “Si ulimutuma ndugu yako? Alikuya akasema, Kambale ameachilia, anarudia ku masomo yake. Akasema na ile murefu, yeye naye ameachilia. Kisha akanunua ile mufupi. Nilimuuliza, neno ni la Kambale mwenyewe? Akasema, ni lake.” Alisimama. Nilimwona anaelewa, na uso wake ukazeeka. “Ulisema neno yake ni neno yako, mutoto yangu. Miye nilikusikia weye.” Hakuwa na kosa. Hilo ndilo lilikuwa baya: nilitafuta mtu wa kumkasirikia katika duka lile na nikampata mmoja tu, na alikuwa amelowa mvua.

Nimesoma baadaye insha nyingi juu ya usaliti, na mbili nimeziandika mimi, na zote zinadhani kwamba msaliti husubiri giza. Cikuru alikuwa mezani, taa imewashwa, kile kifungo kimekaa kwenye kamera yake waziwazi, anamenya viazi. Nilisema, “Ulikwenda kwa Papa Safari.” Akasema, “Nilienda.” Nilisema, “Ulisema nimeachilia.” Aliweka kisu chini. “Filozofe, ungenunua lini? Unisikie. Uliijaribu miezi yote hii, na picha zako zilinionyesha: ile njo objektifu ya Goma, si ile murefu. Weye ulijua, lakini ungengoja. Kuna siku ingekuwa mavuno, siku ingine mutihani. Objektifu haingoje mutu.” Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeniambia ningoje. “Ndiyo,” alisema, kwa upole, bila aibu yoyote, “na ilikuwa neno ya muzuri. Kwako.” Akanisogezea kiazi na kisu cha pili, kana kwamba tumemaliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikimenya.

Siku ya mahari nilikaa kwenye kiti, nimevaa koti la kuazima, upande wetu wa uwanja. Mvua ilikuwa imehamisha sherehe ndani ya sebule kubwa ya mbao ya mjomba, umeme ulikatika kama ilivyopangwa na Mungu, na Cikuru alipita kati ya watu na kifungo changu, kimya, akijua kila mahali pa kusimama. Wajomba walimdharau mwanzoni. “Kijana, apareyi yako iliisha kuota meno?” alisema mmoja, na wote wakacheka. Hawakujua kwamba gizani mle yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaona. Alimpiga Kavira akitoka chumbani, kitenge kimefunika uso. Alimpiga mama yangu akifuta jicho. Kila picha niliiona kabla hajaipiga, nilikuwa nasimama mahali pale akilini nusu hatua mbele yake, na mara moja alichelewa nikakaribia kupiga kelele. Kisha akageuka akanielekezea mimi. Ni picha maarufu katika familia yetu. Uso wangu umetoka wazi, kila unywele, na kila kitu nyuma yangu kimeyeyuka kuwa ukungu laini wa rangi ya chai, jinsi lenzi ile inavyofanya. Ndiyo picha iliyotoka vizuri kuliko zote katika albamu ile. Ni uso wa mtu anayetazama kitu chake mkononi mwa mwingine, lakini hilo nalijua mimi tu. Wengine wote waliona kaka aliyekasirika siku ya mahari ya dada yake.

Nilihama Katoyi mvua zilipokwisha. Kamera niliiuza pamoja na plasta yake, na nikaanza kuandika, kazi ambayo mtu anaweza kufikiri hata miaka kumi na hakuna bibi harusi anayesimama akimngoja. Cikuru alipata jina, akapata studio, akapata kitambi. Tukikutana barabarani alinikumbatia kwa furaha ya kweli. Aliwaambia vijana wake, “Huyu nilimufundisha miye!” na ilikuwa kweli. Kavira sikumuuliza kamwe kwa nini walimwita Cikuru badala yangu. Nilijiambia kwamba mdogo wangu alipima kama wanavyopima wote, akatazama koti langu, plasta yangu, akachagua mtu wa uhakika. Hilo nililibeba. Mtu huzoea kubeba. Unajifunza kutembea ukiegemea upande mmoja, na watu wanadhani ndivyo ulivyozaliwa.

Matangani wanakwaya walikuwa wanapumzika kati ya wimbo na wimbo. Kavira alikuwa anaitazama ile picha ya dirishani. “Nitamukumbuka kwa jambo moja,” alisema, si kwangu hasa. “Alikuya. Siku ile mutu yangu mwenyewe alikataa, yeye alikuya.”

Niliuliza mtu gani.

Alinigeukia, na katika miaka yote ile ya salamu za ofisini sikuwa nimeuona uso ule. “Yaya, usinifanye mutoto. Mama alimutuma mutu kwenu Katoyi akuombe upige harusi yangu. Hakukukuta. Cikuru alirudisha jibu: Kambale amesema hapana, amesema yeye si mutu ya kupiga picha ya mahari, ile ni mambo ya zamani. Mama alilia. Ungekuwa unajua alivyolia! Lakini mutu akikataa, haulizwi. Kisha Cikuru akasema, kama munataka, miye nitasaidia.” Alivuta kitenge chake mabegani. “Na kama nilikuwa na shaka, niliona ile picha. Nimeiangalia ile sura yako miaka yote, Yaya. Watoto yangu wananiuliza, mama, huyu mujomba alikuwa anakukasirikia nini? Ninawaambia, ni nuru.”

Nilitazama jeneza. Wizi wa kwanza nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kuupenda, kama kovu ambalo mtu huwaonyesha wageni. Kumbe ulikuwa kifuniko tu cha huu wa pili. Lenzi ningeipata nyingine. Alikuwa amekwenda kwa mama yangu kama alivyokwenda kwa Papa Safari, na mfuko uleule wa maneno, ule niliomfungulia mimi mwenyewe nikiwa nimemshika bega, akasema Kambale amesema, na mdogo wangu akageuzwa akatazama ukuta. Na sasa amelala hapo kwa suti, amefumba macho, haulizwi. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumpa kiazi na kisu na kumwambia, menya, tuanze upya.

“Ndugu yetu Papa Kambale,” alitangaza msimamizi, “atasema kwa jina ya barafiki ya marehemu.”

Niliinuka. Hotuba nzuri yenye uongo wa kiasi ilikuwa imetoka kichwani kama ndege. Mbele walikaa wajane wa mtaa, Mama Furaha katikati yao, mzee sana sasa, fimbo kati ya magoti. Nyuma yao vijana wa studio, kamera shingoni. Mmoja aliinua ya kwake kunielekea, na niliitambua mbele yake ile fupi, imekwaruzika pembeni. Nilitazama ndani ya kioo chake, kisha nikatazama kiti cha Kavira.

“Sitasema kwa jina ya barafiki,” nilisema. “Cikuru amenituma. Amesema niwaambie neno moja. Amesema, kulikuwa harusi, na kaka ya bibi harusi hakukataa. Hakuna aliyemuuliza. Yule kaka alikuwa amekaa Katoyi, amefunga apareyi yake na plasta, anangoja waje, na kama wangekuja angekimbia mbele yao. Cikuru amesema ni yeye aliyejibu mahali pake. Anaomba bibi harusi amusamehe. Amesema ile sura mu picha haikuwa ya hasira kwa bibi harusi.”

Watu walianza kutikisa vichwa, kwa kuwa wamezoea kwamba watu wa vitabu huzungumza kwa mafumbo, na mmoja alisema amina ili kuwa salama. Kijana alibonyeza kamera. Kavira alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na kutoka pale niliposimama sikuweza kujua kama ni kilio au ni kicheko, ningehitaji kumsogelea.

Mama Furaha aliinua fimbo. “Kambale,” alisema, kwa sauti ileile iliyopita ukuta wa mbao, “alikuambia lini?”

“Jana, mama.”

Cikuru alikuwa na siku kadhaa tangu afe. Mama Furaha alinitazama muda mrefu, akamtazama Kavira, akaishusha fimbo. Hakuna aliyeuliza tena. Neno la ndugu ni neno.